Kwa nini mwenye pointi chache ndiye bingwa? Mchezo wa farasi wa siku tatu, kwa lugha ya barazani

Ilianza na video ya nusu dakika. Kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, aliirusha kwenye kundi letu la WhatsApp: farasi mweusi anakuja shoti, anafika mbele ya gogo kubwa kuliko meza ya kulia chakula, anasimama ghafla, na bwana aliyempanda anaendelea na safari peke yake mpaka ndani ya dimbwi. Chini kaandika: "Mbio za farasi Ulaya, watu wamepoteza mamilioni."

Jioni kwenye baraza la kahawa ikawa ndiyo mada. Mmoja akashikilia kwamba ni kamari. Mwingine akasema hapana, huo ni mchezo wa Olimpiki, aliuona Paris mwaka 2024. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, akaweka kikombe chini na kuuliza swali lililonifanya niandike makala haya. "Ile ya Paris nami niliitazama mpaka mwisho. Aliyevishwa dhahabu alikuwa na pointi ishirini na moja na kitu, wa pili ishirini na mbili, wa tatu ishirini na tatu. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini. Hawa wenzetu wanahesabia upande gani?"

Wote wakanigeukia mimi, maana hapo mtaani najulikana kama "yule wa farasi". Niseme ukweli mapema: farasi sijawahi kumpanda. Nimewahi kupanda punda, mara moja tu, kule Handeni, naye alinibwaga kabla sijakaa sawasawa. Lakini mchezo huu naufuatilia kwa simu tangu Olimpiki ya London ya 2012, na mwaka huu wa 2026 una mashindano ya dunia, kwa hiyo heri tuelewane sasa kabla Agosti haijafika.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo barazani vinatiwa chungu kimoja. Mbio za farasi, zile za kamari, ni farasi wengi wanaotoka mstari mmoja kwa wakati mmoja, na anayefika mbele ndiye mshindi. Jirani zetu wa Nairobi wanazo, kwenye uwanja wa Ngong. Kuna kuruka viunzi, ambako farasi anapita kwenye uwanja wenye magogo mepesi yaliyopakwa rangi, na akigusa gogo likaanguka anaadhibiwa. Kuna dresaji, ambako farasi harukii kitu chochote. Anatembea, anakimbia kidogo, anageuka, anarudi nyuma, na waamuzi wanatazama utii na urembo wa mwendo. Halafu kuna huu wa kwenye video, unaoitwa iventingi. Huu unachukua dresaji, unachukua kuruka viunzi, katikati unatia mbio za nyika, na yote matatu lazima yafanywe na mtu yule yule na farasi yule yule. Hakuna kubadilisha farasi kama abadilishavyo dereva gari njiani.

Kamari? Katika iventingi kila farasi anatoka peke yake, wakiachana kwa dakika kadhaa. Hakuna wa kumpita wala wa kukupita. Ukiona farasi wawili wamekaribiana ujue kuna tatizo.

Asili yake ni kambini. Majeshi ya Ulaya yalitaka kujua farasi gani anafaa kumbeba ofisa, wakatunga mtihani. Siku ya kwanza gwaride: farasi asimame kimya mbele ya wakubwa, aende aambiwavyo. Siku ya pili apeleke barua porini, apite mitaro na kuta na mito asiyoijua. Siku ya tatu aonyeshe kwamba baada ya taabu ile bado ana miguu ya kufanya kazi. Mtihani huo uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na mwanzoni raia wa kawaida hawakuruhusiwa kushindana. Wanawake wakasubiri zaidi, hadi Tokyo 1964, alipoingia Mmarekani Lana du Pont, na timu yake ikaondoka na fedha. Tangu hapo wanaume na wanawake wanashindana pamoja, meza moja, hesabu moja. Hili nalo lilizua ubishi barazani, kuna aliyedhani wanawake wana mashindano yao. Hawana. Tokyo ya pili, ile iliyofanyika 2021, dhahabu ya mtu mmoja mmoja ilikwenda kwa Julia Krajewski wa Ujerumani, mwanamke wa kwanza kuitwaa, na aliwaacha wanaume nyuma yake.

Sasa hesabu ya Mwalimu.

Fikiria wachuuzi wa mayai wanaotoka Pongwe kwa baiskeli kuja soko la Ngamiani. Kila mmoja kafunga trei zake nyuma. Ukitaka kujua nani mchuuzi hodari, huhesabu mayai mazima, maana wote walitoka na mzigo sawa. Unahesabu yaliyovunjika. Aliyevunja machache ndiye bingwa, na aliyefika bila kuvunja hata moja hapewi yai la nyongeza. Iventingi ni hivyo hivyo. Hakuna mahali popote katika siku tatu ambapo unaongeza kitu. Pointi zote ni za adhabu, zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye anayesimama juu.

Siku ya dresaji ndiyo siku ya kupakia, na hapo karibu kila mtu anavunja chache. Uwanja ni wa mita 20 kwa 60. Waamuzi wamekaa pande mbalimbali, na kila tendo la farasi wanalipatia alama kuanzia 0 hadi 10. Alama zinageuzwa kuwa asilimia, halafu asilimia hiyo inatolewa kwenye 100. Ukipata asilimia 75, unaondoka uwanjani na adhabu 25. Michael Jung wa Ujerumani, akiwa na farasi wake Chipmunk, alipata 17.8 kule Paris. Maana yake waamuzi walimpa asilimia 82.2, jambo ambalo kwa farasi wa iventingi ni kama mwanafunzi wa sayansi kuongoza pia somo la ushairi. Farasi hawa wamelishwa na kufunzwa wawe na moto wa kukimbia. Kuwaambia watembee taratibu mbele ya umati wakiwa wameinamisha shingo ni kazi.

Hapa niweke neno la lugha. Wazee wetu wa pwani walikuwa na majina ya mwendo wa farasi na punda ambayo tunayaacha yafe. Ule mwendo wa haraka wa punda aliyezoea njia ni telki. Kukimbia kidogo kidogo, miguu ikipishana kwa mdundo, ni kwenda matiti. Vijana msicheke, limo kwenye kamusi. Na kutimua mbio zote ni kwenda shoti. Ukitazama dresaji ukiwa na maneno hayo mdomoni, utaona mengi zaidi ya "farasi anacheza ngoma".

Siku ya pili ndiyo mchezo wenyewe. Mimi hutazama dresaji nikiwa nafanya kazi nyingine, lakini siku ya nyika hata simu sipokei. Katika ngazi ya juu kabisa njia huwa na urefu wa kilomita sita na zaidi, ikipanda na kushuka vilima, na vizuizi vyake vimekita ardhini: magogo, kuta, mitaro, vichaka vilivyofungwa, matuta ya kushukia ndani ya maji. Sehemu ya kizuizi isiyosogea inafika mita 1.20, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Farasi haviangushi. Akivigonga, anayeumia ni yeye.

Mpanda farasi anaruhusiwa kuipitia njia hiyo kwa miguu siku za kabla, mara mbili, tatu, nne, akipima hatua na kuchagua pembe. Farasi haruhusiwi. Anaiona kwa mara ya kwanza akiwa mbioni. Watu wa bahari watanielewa nikisema mpanda farasi ni rubani: yeye ndiye ajuaye miamba ilipo na mkondo unavyovuta. Farasi ni jahazi, ila jahazi lenye macho yake, akili yake na woga wake. Rubani akisema "ruka" juu ya ukuta ambao nyuma yake hauonekani, jahazi lina haki ya kusema "hapana". Ile video yetu ilikuwa "hapana" ya namna hiyo.

Farasi akigoma mara moja, adhabu 20. Akigoma tena pale pale, 40 nyingine. Mgomo wa tatu njiani, mnakwenda nyumbani. Mpandaji akianguka, safari imekwisha papo hapo, haijalishi kaanguka kwenye nyasi laini na kasimama anacheka. Farasi akianguka, vivyo hivyo. Zamani watu walikuwa wakipanda tena na kuendelea, wengine na mfupa uliovunjika. Sheria ya leo haitaki ushujaa huo. Kila kizuizi kina bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, na farasi lazima apite katikati. Waamuzi wakiona hakupita kwa ukamilifu, adhabu 15. Huo ndio mshale uliompata Ros Canter wa Uingereza kule Paris: alimaliza nyika akidhani yu safi, wakarudia picha, wakamtia 15, rufaa ikakataliwa, na ndoto ya medali yake binafsi ikaishia hapo. Dhahabu ya timu aliipata hata hivyo.

Halafu kuna saa. Hili ndilo linalochanganya wengi, maana mtu akiona farasi anakimbia anadhani mwenye kasi kubwa anashinda. Si hivyo. Kila njia ina muda uliopangwa. Ngazi ya juu hupigwa hesabu ya mita 570 kwa dakika, kwa hiyo njia ya mita 6,270 ina dakika 11 kamili. Ni kama kilomita 34 kwa saa, mwendo wa bodaboda asiye na haraka, isipokuwa bodaboda huyu anaruka ukuta kila baada ya nusu dakika. Ukichelewa, kila sekunde ni adhabu 0.4. Ukiwahi, hupati kitu. Aliyefika sekunde ishirini kabla ya wakati kamchosha farasi bure, na siku ya tatu farasi atamdai.

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya lolote, farasi wanapelekwa kukaguliwa. Huu ndio wakati nisiotaka kuukosa, na watangazaji wengi hawauonyeshi. Farasi anavuliwa tandiko, anashikwa kwa hatamu, anakimbizwa matiti mbele ya waamuzi na daktari wa mifugo kwenye njia ngumu. Wanasikiliza kwato. Mdundo ukikosa hata kidogo, akichechemea, hakuna mjadala wala kujali kwamba alikuwa anaongoza au ni mali ya nani. Ukaguzi kama huo ulifanywa pia kabla ya dresaji.

Wakipita, wanaruka viunzi. Katika ngazi ya juu vinafika mita 1.30, magogo mepesi yaliyokaa kwenye vikombe vidogo. Kugonga kunakosameheka nyikani hapa ni kosa: kila gogo linaloanguka ni 4. Piga picha umecheza fainali dakika tisini Mkwakwani kwenye tope, halafu kesho yake asubuhi unapewa sinia la vikombe vya kahawa upite katikati ya watu usimwage. Jana farasi aliambiwa awe jasiri na akimbie. Leo anaambiwa awe mwangalifu na anyanyue miguu kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala. Orodha hupinduka siku hii. Jung alifika Paris na 17.8 yake, gogo moja likamwangukia, akamaliza na 21.8. Christopher Burton wa Australia alimaliza na 22.4, na Laura Collett wa Uingereza 23.1. Kati ya dhahabu na fedha kulikuwa na 0.6. Ukiikumbuka ile 0.4 ya kila sekunde, utaona kwamba siku tatu za kazi zilitenganishwa na sekunde moja na nusu.

Mwalimu akanikatiza hapo: "Basi ni mtihani wa makosa." Ndiyo, Mwalimu.

Wachezaji wawili wakilingana, hutazamwa nani alifanya vizuri zaidi nyikani. Nadhani ni sawa, kwa sababu nyika ndiyo moyo wa jambo.

Fundo lingine ni nyota. Watu husikia "mashindano ya nyota tano" wakadhani Olimpiki ni nyota sita. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lenye makao Lausanne, Uswisi, limepanga ngazi kuanzia nyota moja hadi tano. Mpangilio huu ni wa 2019. Kabla yake juu kabisa ilikuwa nyota nne, kwa hiyo ukisoma habari ya mwaka 2010 ikisema nyota nne, hiyo ndiyo tano ya leo. Na hapa kuna ajabu: Olimpiki na mashindano ya dunia huchezwa katika ngazi ya nyota nne. Njia ngumu zaidi duniani ziko Badminton na Burghley, mashamba ya mabwanyenye wa Kiingereza, wala si kwenye Olimpiki. Sababu yake ni ya kawaida. Olimpiki inataka nchi nyingi zishiriki, na nchi nyingi hazina farasi wa nyota tano. Ukiweka ukuta wa Burghley pale, nusu ya washiriki watarudi na machela.

Badminton ni mashindano ya tangu 1949. Mwenye shamba, bwanyenye mwenye cheo cha Duke wa Beaufort, aliona Waingereza walivyofanya vibaya kwenye Olimpiki ya London ya 1948 akataka wapate pa kufanyia mazoezi. Burghley ikafuata 1961. Msimu unakwenda hivi: mwishoni mwa Aprili Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa Mei Badminton, Juni Luhmühlen kule Ujerumani, mwanzoni mwa Septemba Burghley, Oktoba Maryland huko Marekani na Pau kusini mwa Ufaransa. Mtu akishinda Kentucky, Badminton na Burghley mfululizo anapewa donge nono la peke yake. Pippa Funnell wa Uingereza alikuwa wa kwanza kulipata, mwaka 2003, na Jung akalipata 2016. Ros Canter, yule wa bendera, ametwaa Badminton 2023 na 2025 akiwa na farasi aitwaye Lordships Graffalo, ambaye bandani wanamwita Walter tu. Nami humwita Walter. Jina la kwenye karatasi ni la benki.

Mwaka huu Badminton na wenzake ni chakula cha kila msimu, lakini karamu ni Aachen, Ujerumani, Agosti, mashindano ya dunia. Haya huja kila baada ya miaka minne. Yaliyopita yalikuwa Pratoni del Vivaro, Italia, mwaka 2022, akashinda binti wa Kiingereza Yasmin Ingham na farasi Banzai du Loir, timu ikaenda kwa Wajerumani. Aachen ni mji unaoabudu farasi kama Tanga tunavyoabudu baiskeli, na uliwahi kuandaa 2006, aliposhinda Zara Phillips, mjukuu wa Malkia Elizabeth. Mama yake, binti mfalme Anne, naye alishindana Olimpiki ya Montreal 1976. Ndiyo maana barazani wanasema huu mchezo ni wa wafalme, na kwa kweli sina hoja kubwa ya kuwapinga. Farasi ni ghali. Lakini wengi wa wanaoshinda ni watu wa kazi: wanaamka gizani, wanazoa samadi, wanafundisha farasi wa wengine ili walishe wao.

Hesabu ya timu itawachanganya tena Aachen, tuimalize kabisa. Kwenye mashindano ya dunia timu ya nchi huwa na wapandaji wanne na matokeo matatu bora ndiyo yanayohesabiwa, kwa hiyo mmoja akianguka wenzake wanamfunika. Olimpiki ni watatu tu na wote wanahesabiwa. Akiharibikiwa mmoja anaingizwa wa akiba, lakini timu inalipa adhabu. Paris Uingereza ilipata 91.3, Ufaransa 103.6, na wa tatu wakawa Japani kwa 115.8, kikundi cha wanaume waliojiita wenyewe wazee. Japani haikuwa imepata medali ya mchezo wa farasi tangu 1932. Ukijumlisha adhabu za wachezaji watatu, za dresaji na nyika na viunzi, utaona kwamba 91 ni mayai machache mno. Na umri? Andrew Hoy wa Australia alivaa medali mbili Tokyo akiwa na miaka 62. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi, mwaka 1988, ndio mwaka huo Mark Todd wa New Zealand alipochukua dhahabu yake ya pili ya Olimpiki na yule farasi mdogo Charisma. Mimi huzikumbuka pamoja, na zote mbili husimuliwa kwangu na waliozidi umri wangu.

Sasa lile la ukatili. Mama mmoja auzaye vitumbua jirani na baraza alisikiliza yote haya akasema, "Mnyama kaburuzwa milima yote ile kwa raha ya watu. Si ndiyo punda afe mzigo ufike?" Ni swali la haki na sitalizunguka. Mchezo huu umeua watu na farasi. Mwaka 1999 pekee wapandaji watano walikufa Uingereza. Tokyo 2021 farasi wa Uswisi, Jet Set, aliumia mguu nyikani na ikabidi auawe kwa sindano. Hatari kubwa ni farasi kugonga kizuizi kigumu kwa kifua, akapinduka kichwa mbele na kumwangukia mpandaji. Baada ya vifo vile walibuni vizuizi vinavyokatika: gogo linashikiliwa na pini, na likipigwa kwa nguvu ya kuangusha farasi, pini inakatika na gogo linashuka. Ni fyuzi. Nyumbani fyuzi inakatika ili nyumba isiungue.

Lakini fyuzi hiyo ina bei. Ukiikata, adhabu 11, kwa sababu kuikata maana yake ulimleta farasi vibaya. Michael Jung, huyo huyo, alikuwa anaongoza baada ya dresaji Tokyo, na Chipmunk huyo huyo. Nyikani wakaigusa pini moja, ikakatika, 11, medali ikaondoka. Miaka mitatu baadaye wakarudi wawili wale wale Paris, wakaichukua dhahabu, ya tatu kwa Jung binafsi baada ya 2012 na 2016. Hakuna aliyewahi kufikisha tatu kabla yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama wa vitumbua ni nusu nusu. Hatari ipo, na kuna siku nazima simu. Ila sheria zinavuta upande mwingine na ile methali: mzigo ukitaka kufika lazima punda awe mzima, maana asubuhi ya tatu asipokwenda sawa hakuna mzigo wala ushindi. Hakuridhika. Sikutegemea aridhike.

Watu huuliza pia kwa nini sisi hatumo. Huko nyuma misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara ilibebwa na wapagazi, mabegani, mamia ya maili. Haikuwa kwa kutojua farasi. Ndorobo waliua wanyama wa mizigo kwa ugonjwa wa nagana. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, hawakufika mbali. Na nje ya ndorobo kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na visubi, ambao pundamilia hukaa nao bila kuonyesha dalili na farasi hufa nao. Kwa ajili yake Ulaya haipokei farasi kutoka sehemu kubwa ya bara letu bila vikwazo na karantini ndefu. Waafrika Kusini wanaofika Olimpiki huwa wameshahamia Ulaya na farasi wao wako huko. Atakayepeperusha bendera yetu, akipatikana, huenda asiwe na picha hata moja ya farasi wake akiwa Tanga.

Kwa wanaotaka kutazama Agosti: Ujerumani majira hayo iko nyuma yetu saa moja tu, kwa hiyo nyika itaangukia mchana, na Uingereza wakati wa Badminton na Burghley iko nyuma saa mbili. Msianze na dresaji kama hamjawahi, mtalala. Anzeni na nyika, kaeni karibu na anayejua, na kila farasi anapokaribia maji tazameni masikio yake. Yakielekea mbele, anaruka. Yakianza kuchezacheza, mtu atalowa.

Nilipomaliza kueleza, kahawa ilikuwa imepoa na muuzaji anakusanya vikombe. Mwalimu alikuwa amejaza nyuma ya bahasha hesabu za 17.8 na 21.8, ameridhika. Mama wa vitumbua akanyanyua beseni lake, akasimama kidogo.

"Na huyo farasi akigoma mara tatu, akatolewa. Jioni anakula?"

"Anakula, mama. Anaogeshwa, miguu inatiwa barafu, halafu anakula."

"Na yule bwana wa dimbwini?"

Hilo sikuwa na jibu lake.